Kuku Naye Ana Ukoo: Habari za Mbegu za Kuku na Kanuni Zake

Katika mifugo yote ya nyumbani, kuku ndiye anayefugwa na watu wengi, na ndiye anayefikiriwa na watu wachache. Mtu mwenye ng'ombe watatu aweza kukueleza habari za kila mmoja: mama yake ni yupi, alitoka boma la nani, alizaliwa mwaka gani, na kwa nini hajauzwa mpaka leo. Lakini mtu huyo huyo akiwa na kuku thelathini, ukimwuliza yule jogoo mwekundu ni mtoto wa kuku gani, atacheka. Kwake yeye kuku hana ukoo.

Makusudi ya maneno haya ni kuonyesha kwamba kuku anao ukoo, tena wa kale. Kwamba mataifa mengine yaliandika kanuni za koo hizo katika vitabu, wakapata faida na hasara. Na kwamba sisi wa Robanda, na ndugu zetu wa wilaya za Serengeti na Tarime, tunayo sababu kubwa ya kujifunza katika mambo hayo mawili.

Kwanza na tutazame kuku alitoka wapi. Ndege wa asili ya nchi yetu ni kanga na kwale, ambao hata leo twawaona makundi kwa makundi maporini. Kuku ni mgeni. Mzee wake ni kuku mwitu mwekundu, aishiye katika misitu ya Asia tangu India mpaka kisiwa cha Java. Mwaka 2022 wataalamu waliopima mifupa ya kale kutoka nchi nyingi walieleza kwamba mifupa ya kale kuliko yote wanayoweza kuiita ya kuku wa kufugwa ni ile iliyochimbuliwa Ban Non Wat katika nchi ya Thailand, yenye umri wa tangu mwaka 1650 hata 1250 kabla ya Kristo. Wakaona pia kwamba kuku alianza kukaa na watu mahali walipolima mpunga na mtama. Ndege wale wa msituni walivutwa na punje zilizoanguka mashambani na ghalani, wakazoea. Watu nao wakawazoea. Hivyo urafiki wa kuku na mtu ulianza kwa nafaka, na mpaka leo kuku wa kijijini huishi kwa kuchakura karibu na mahali panapotwangwa na kupepetwa.

Kutoka huko kuku alisafiri na watu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Maresha, katika nchi ya Israeli, ilichimbuliwa mifupa ya kuku mingi sana ya karne ya nne hata ya pili kabla ya Kristo, ishara ya kuwa watu wa huko walikuwa wamekwisha kumfanya kitoweo. Basi jogoo yule aliyewika usiku Petro alipomkana Bwana wake hakuwa ndege wa ajabu katika mji ule. Wazee wake walikuwa wamekaa katika nchi ile miaka mia tatu na zaidi.

Kufika kwake Afrika hakukuwa kwa mlango mmoja. Kaskazini ya Uhabeshi, mahali paitwapo Mezber, imepatikana mifupa yake ya yapata miaka 800 kabla ya Kristo. Kwetu pwani, katika bandari ya kale ya Unguja Ukuu, imepatikana mifupa ya kuku ya karne ya saba na ya nane baada ya Kristo, zamani zile majahazi ya Asia yalipokuwa yakija kwa pepo za msimu. Wachimbaji walikuta huko pia mifupa ya panya mweusi, ambaye naye ni mgeni aliyeletwa na vyombo. Mabaharia walimleta mmoja kwa kutaka, na mwingine bila kujua!

Kutoka pwani na kutoka kaskazini kuku aliingia bara, akipita mkono kwa mkono, na jina lake likapita pamoja naye. Mswahili husema kuku, Mkikuyu ngũkũ, Msukuma ngoko, Mkurya engoko, Mganda enkoko, na mbali kusini Mzulu husema inkukhu. Maneno haya yafanana kama watoto wa nyumba moja. Tena, wataalamu waliochunguza damu ya kuku wa Afrika ya Mashariki wameona kwamba wanatoka katika koo zaidi ya moja za upande wa kike, nyingine za upande wa India, nyingine za nchi za mbali zaidi za mashariki. Basi hao tunaowaita kwa jina moja tu, kuku wa kienyeji, ni wajukuu wa wageni wengi waliokuja kwa nyakati mbalimbali.

Wazee walijua jambo hili kwa macho, ijapokuwa hawakujua habari za damu, nao waliwapa kuku majina. Yuko kishingo, asiye na manyoya shingoni. Yuko kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kuelekea nyuma kana kwamba amepita katika upepo. Wako wenye kishungi kichwani, wako wenye miguu mifupi sana, wako wasio na mkia. Yuko kuchi, mrefu wa miguu na shingo, mwenye kifua cha nguvu na tabia ya kupigana. Huyu hujulikana Lamu, na Mwanza, na mahali pengine pengi. Mwaka 2001 wataalamu wa Tanzania walitoa habari za kuku wa asili wa namna mbalimbali waliowapima: Kuchi wa upande wa Mwanza, Singamagazi wa Tabora, Ching'wekwe wa Morogoro, na wengine wa Morogoro na Mbeya. Waliona tofauti kubwa. Majogoo ya Kuchi na Singamagazi hupita kilo mbili na nusu, lakini Ching'wekwe ni mdogo, jogoo lake hupita kidogo tu kilo moja na nusu. Walipima pia nguvu za miili yao katika kupigana na magonjwa, wakaona kwamba hazilingani.

Sasa na twende Ulaya na Marekani, maana huko ndiko kanuni za mbegu zilikoandikwa kwanza katika vitabu. Kanuni ya mbegu ni maandiko yanayosema kuku wa mbegu fulani awe na umbo gani, uzito gani, rangi gani ya manyoya na ya miguu, kilemba cha namna gani kichwani, na kasoro zipi zitamfanya asihesabiwe katika mbegu ile.

Uingereza walikuwa na mchezo wa kupiganisha majogoo, nao ulikatazwa kwa sheria mwaka 1835. Wafugaji waliopenda kushindana wakatafuta shindano jingine. Katika miaka ya 1840 Malkia Victoria alipata kuku wakubwa kutoka Asia ya mashariki, wenye manyoya mpaka miguuni, na watu walipowaona walishikwa na tamaa. Mwaka 1845 yalifanyika maonyesho ya kuku London, na mwaka 1849 yakafanyika Boston huko Marekani. Watu walilipa fedha nyingi kwa jozi moja ya kuku, na wadanganyifu hawakukosekana: mtu aliweza kuuza kuku yeyote mkubwa kwa jina la mbegu ya mbali. Ndipo ilipoonekana haja ya kitabu, ili mnunuzi na mwuzaji wawe na kipimo kimoja. Kitabu cha kwanza cha Uingereza kilitolewa mwaka 1865. Wamarekani walifanya chama chao katika mji wa Buffalo mwaka 1873, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu chao.

Faida ya vitabu hivi haikuwa haba. Mbegu iliyoandikwa haipotei kwa urahisi, kwa maana mtu aliye mbali aweza kusoma na kujua kama kuku wake ameanza kupotoka. Wakulima wa jimbo la Rhode Island, kwa mfano, walichanganya kuku wao wa shamba na majogoo mekundu ya Kimalaya, wakachagua miaka mingi wakitazama mayai na nyama, mpaka wakapata kuku mwekundu aliyeandikwa katika kitabu mwaka 1904. Kuku huyo akaenea duniani kote, na hata Afrika ya Mashariki wafugaji wengi wamemjua. Huko Uingereza mbegu ya Sussex ilikuwa karibu kufifia, na mwaka 1903 wafugaji wakafanya chama cha kuitunza, nayo ikapona.

Walakini hasara nayo ilikuwako. Palikuwa na kuku mweusi wa Kihispania, mwenye uso mweupe, aliyesifiwa kwa mayai makubwa. Waamuzi wa maonyesho waliupenda ule uso mweupe, na kila aliyetaka tuzo akazidi kuchagua jogoo lenye uso mpana na mweupe zaidi. Vizazi vikapita, uso ukakua mpaka ukaning'inia na kuyafunika macho, na ndege mwenyewe akawa dhaifu, vifaranga wake wakafa ovyo. Kanuni haikusema uwongo juu ya kuku yule, kwani kweli uso wake ulikuwa mweupe tangu zamani. Kosa ni kwamba watu walitazama alama, wakaacha kutazama kazi. Alama ya mbegu ni kama jina la mtu: hutusaidia kumtambua, lakini hatuli jina.

Baadaye ikaja hasara ya namna nyingine. Mwaka 1948 Wamarekani walifanya shindano kubwa la kutafuta kuku wa nyama mwenye kifua kipana na mwenye kukua upesi. Kazi ile ilifungua mlango wa kuku wa viwanda tunaowajua leo, wanaokwenda sokoni wakiwa na wiki chache tu. Mbegu za kale hazikuweza kushindana nao kwa bei, na wakulima wakaziacha moja baada ya nyingine, mpaka nyingine zikabaki na kuku mia chache. Mwaka 1973 Uingereza, na mwaka 1977 Marekani, vilianzishwa vyama vya kuokoa mifugo iliyo karibu kutoweka. Mwaka 2009 chama cha Marekani kilieleza ni kuku gani astahiliye kuitwa wa urithi: awe wa mbegu iliyoandikwa tangu zamani, apandane mwenyewe pasipo kusaidiwa, aweze kuishi nje na kuzaa miaka mingi, tena akue polepole, asifikie uzito wa kuuzwa kabla ya wiki kumi na sita. Angalia, ndugu msomaji: mambo matatu katika hayo ni habari za uhai na nguvu, na moja tu ni habari za kitabu. Wametambua, baada ya miaka mia na zaidi, yale ambayo kuku wa nyanya zetu walikuwa nayo siku zote.

Twaweza sasa kurudi kwetu. Kijiji cha Robanda kiko katika kata ya Ikoma, karibu na ile ngome ya kale waliyoijenga Wadachi, na karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Waikoma walijulikana tangu zamani kwa uwindaji. Nyama ya porini ilikuwa kitoweo, na mkia na ngozi vilikuwa mali ya kubadilishana. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1951, na mipaka yake ilipogeuzwa mwaka 1959, mambo yalibadilika. Leo mtu aingiaye hifadhini kuwinda ni mkosaji mbele ya sheria, naye aweza kufungwa na kuwaacha watoto wake bila mlezi. Ng'ombe hachinjwi kila siku, kwa kuwa yeye ni mahari, na jembe, na akiba. Basi ni nyama gani mama wa nyumba aweza kuipika jioni bila hofu na bila kumaliza mali ya nyumba? Ni kuku. Ni ada gani ya shule iwezayo kupatikana kabla ya mavuno? Mara nyingi ni ya kuku, ama wauzwe Mugumu, ama katika hoteli na kambi za wageni zilizo jirani. Tena kuku ni ngazi: kwa kuku mtu hununua mbuzi, na kwa mbuzi huanza kumfikiria ndama. Kwa sababu hiyo mbegu ya kuku ikiharibika hapa, hasara si ya wapenda maonyesho. Ni ya chungu na ya daftari la mtoto.

Nayo huharibika kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni soko. Mwenye shida ya fedha humkamata jogoo aliye mkubwa kupita wote, kwa kuwa ndiye mwenye bei. Mwezi ujao humkamata anayemfuata. Abakiaye nyumbani kuwa baba wa vifaranga ni yule mwembamba ambaye mchuuzi alimkataa. Tukifanya hivi miaka kumi, tutashangaa kwamba kuku wa siku hizi ni wadogo, tutalaumu mvua au dawa, na kumbe sisi wenyewe tumechagua udogo kwa mikono yetu. Hakuna mwenye ng'ombe afanyaye hivyo. Fahali bora huachwa zizini.

Njia ya pili ni jogoo mmoja kukaa mno katika boma moja, akapanda binti zake na wajukuu zake. Mayai yake hupungua kutotoka, vifaranga hudhoofika, na vilema huonekana.

Njia ya tatu ni kuchanganya bila kufikiri. Tangu zamani za ukoloni, na baada ya uhuru, serikali nyingi za Afrika zilieneza majogoo ya kigeni ili kuongeza mayai na nyama. Malawi, kwa mfano, waligawiwa kuku weusi wa asili ya Australia. Kati ya mwaka 2014 na 2019 mpango mkubwa wa utafiti ulifanywa Tanzania, Uhabeshi na Nigeria, na hapa Tanzania walijaribiwa vijijini kuku waitwao Kuroiler, waliotengenezwa India, na Sasso, waliotengenezwa Ufaransa. Hao hukua upesi na kutaga mayai mengi kuliko wetu, na mwenye chakula cha kuwapa aweza kupata faida kwao. Simlaumu mtu anayewafuga. Lakini lazima ajue kwamba kuku hao walichaguliwa kwa nyama na mayai, wala si kwa kulalia. Na kwamba nguvu zao ni za mchanganyiko wa kwanza, hazirithiwi sawasawa na watoto na wajukuu. Akiwaachia majogoo yao yapande kuku wote wa kijiji, baada ya miaka michache atakuwa na kuku wasiokua kama wale wageni, wala kulea kama wale wenyeji. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Nasi twaweza kuongeza kwamba jogoo la mjini nalo, likiletwa shamba, lataka kizimba chake.

Maana kuku wa kienyeji ana kazi ambazo haziandikwi sokoni. Hutaga mayai kumi au kumi na tano, akayalalia mwenyewe, akaangua bila mashine, akatembea na vifaranga wake akiwafundisha kuchakura, na akimwona mwewe huwaita chini ya mbawa. Huku kwetu maadui ni wengi: mwewe mchana, nguchiro, kicheche na paka mwitu vichakani. Kuku aliyelea vifaranga wanane mpaka wakaachana naye, katika nchi yenye maadui hao, ana elimu katika damu yake isiyonunuliwa.

Basi kanuni ya mbegu yetu na iwe namna gani? Kwa sehemu kubwa kanuni za kuku wa asili ziko bado midomoni mwa wafugaji, wala hazijafungwa kitabuni. Tunayo nafasi ya kuanza vema, kwa kuweka kazi mbele na alama nyuma. Mwezi wa Septemba mwaka 2007, katika mkutano uliofanyika Interlaken huko Uswisi chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wajumbe wa nchi zaidi ya mia walipatana juu ya mpango wa dunia wa kutunza mbegu za mifugo ya kila nchi. Lakini mpango wa dunia hauwezi kumfunga jogoo mmoja kamba mguuni; kazi hiyo ni ya mwenye boma.

Kwanza, awe na daftari. Kalamu na karatasi za mtoto wa shule zatosha. Aandike kila kuku jike kwa rangi yake, mayai aliyolalia, vifaranga walioanguliwa, na waliokuwa hai baada ya miezi miwili. Hesabu hii ya mwisho ndiyo kubwa. Baada ya mwaka mmoja ataona kwamba kuku wawili au watatu ndio waliomjazia boma, na wengine walikula tu. Majogoo ya kuacha kwa mbegu yatoke kwa mama hao, nayo yachaguliwe kabla mchuuzi hajabisha hodi.

Pili, ashike desturi ya koo. Watu wengi wa Mara hawaoi ndani ya ukoo wao, na mzee yeyote aweza kukueleza kwa nini. Desturi hiyo hiyo yafaa kwa kuku, na wafugaji wa mbegu katika nchi nyingine huitumia. Nyumba tatu zipatane, kila moja iwe ukoo. Matembe, yaani kuku majike wasioanza kutaga, wabaki katika nyumba ya mama yao siku zote. Pora bora, yaani jogoo kijana, ahamishwe: wa nyumba ya kwanza aende ya pili, wa ya pili aende ya tatu, wa ya tatu arudi ya kwanza. Wasibadili mzunguko. Kwa njia hii ndugu na dada hawapandani, wala baba na binti, kwa miaka mingi, na hakuna fedha iliyotoka. Jogoo mmoja watosha majike kumi. Mapora yasiyochaguliwa yauzwe au yaliwe kabla ya kuanza kupanda, ama sivyo mzunguko wote ni kazi bure. Kila ukoo uwe na alama, kama uzi wa rangi mguuni, usiokaza.

Tatu, ajue alama zipi zina hatari ndani yake. Mwaka 1902 Bwana William Bateson wa Cambridge alionyesha, kwa kuzalisha kuku wa vilemba mbalimbali, kwamba sheria za urithi alizozigundua mtawa Mendel katika njegere zatawala wanyama pia. Tangu hapo twajua mambo ambayo wazee waliyaona bila kuyahesabu. Ukipandanisha kidimu na kidimu, katika vifaranga wanne, kwa wastani, mmoja huwa wa manyoya ya kawaida, wawili huwa vidimu, na wa nne huwa na manyoya membamba yanayokatika, akabaki karibu uchi kwenye jua na baridi. Kwa hiyo kidimu apandanishwe na kuku wa manyoya laini daima. Wako kuku wa miguu mifupi sana ambao, wakipandana wao kwa wao, robo ya vifaranga hufia ndani ya yai. Nao pia wapandanishwe na wenye miguu mirefu. Lakini kishingo hana hatari hiyo. Uchache wa manyoya humsaidia kutoa joto la mwili, naye hustahimili jua kuliko wengine. Akiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo, amerithi alama yake kwa mzazi mmoja. Akiwa na shingo tupu kabisa, ameirithi kwa wote wawili. Wanaomcheka kwa sura yake na wamwangalie adhuhuri ya mwezi wa Februari.

Nne, asihamishe ugonjwa pamoja na mbegu. Kideri, ambao wengine huuita mdondo, ulitambuliwa kwanza mwaka 1926, huko Java na huko Newcastle katika Uingereza. Ukafuata njia za biashara, na siku hizi hakuna kijiji kisichoujua. Ugonjwa huu hautazami daftari. Kwa wiki moja huweza kufuta kazi ya miaka mitano. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Australia, ambayo hustahimili joto kuliko chanjo nyingine, nayo hutolewa kwa tone moja la jicho kwa kuku mkubwa na mdogo sawasawa, kisha hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Kuku wote wa kijiji wapewe siku moja. Na pora anayehamia ukoo mwingine afungiwe peke yake wiki mbili au tatu kwanza, kama mgeni anayengoja kutambulishwa.

Tano, anayetaka kufuga kuku wa kigeni awafuge katika banda lao, na majogoo yake yasizurure. Hayo ni haki ya jirani, sawa na kuzuia ng'ombe wasiingie katika mtama wa mtu.

Mwisho, baada ya hayo yote, na tuseme habari za alama. Ikiwa nyumba zetu tatu zimepata kuku wenye afya, wanaolea vizuri, wenye kifua na miguu imara, basi wafugaji na wakae pamoja wapatane: kuku wetu tumtambue kwa rangi gani, kwa kilemba gani, kwa kimo gani? Waandike. Wasiwe wakali mno juu ya rangi, kwa maana kuku wa rangi zilizofifia na kufanana na majani makavu mara nyingi huonwa na mwewe baadaye kuliko kuku mweupe. Kanuni ikiwekwa namna hiyo, itakuwa kama mpaka wa shamba: humzuia mtu asipotee, wala haimzuii kulima.

Waingereza na Wamarekani waliandika vitabu vyao kwanza, kisha ikawabidi kutafuta nguvu waliyoipoteza. Sisi tunayo nguvu bado, nayo yachakura uani mwetu kila asubuhi, bali hatuna kitabu. Kitabu chaweza kuandikwa na mtu yeyote ajuaye kusoma. Nguvu ikipotea, haiandikiki tena.